Umeme wa kubeba mgongoni: seli ya fueli ni nyepesi, uzito uko kwenye mtungi

#1 Fundi wa Mlimani

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu nilitaka kwanza nipige hesabu zangu vizuri. Ni mrefu. Mwenye haraka asome nusu sasa, nusu usiku.

Naanza na kilichonileta kwenye mada. Miaka ya nyuma tulipewa kazi ya kupandisha betri nne kwenye kituo cha kurushia mawimbi ya redio, milima ya Uluguru, juu ya Morogoro. Betri za asidi, volti 12, Ah (ampea-saa) 100, kila moja kilo 30 hivi. Gari linaishia chini, baada ya hapo ni miguu. Tulikuwa na vijana wanane, betri moja watu wawili, imening'inizwa kwenye mti kama mgonjwa anavyobebwa kwa machela. Tumepanda kama saa tatu, mvua ikaanza. Kijana wa mbele akateleza, betri ikalala upande, maji ya betri yakammwagikia begani. Tulimvua shati tukammwagia maji ya kijito mfululizo, akapona bila kovu la maana. Lakini lile shati, jioni nililiokota pale kituoni: mabega yote matundu matundu, ukilishika linaachia kama karatasi iliyolowa.

Usiku ule sikulala, nikawa napiga hesabu. Volti 12 mara Ah 100 ni wati-saa 1,200, yaani wati 1,200 kwa saa moja. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo za kutumia ni 600. Gawa kwa kilo 30. Wati-saa 20 kwa kilo. Watu wanane wamepanda mlima, mmoja kaungua, kwa ajili ya wati-saa 20 kwa kilo.

Mtaniambia siku hizi kuna lithiamu. Kweli, na ni ukombozi. Seli nzuri ya lithiamu inafika wati-saa 250 kwa kilo, na ukishaiweka kwenye boksi lake na nyaya na ulinzi unabaki na 150 au 160. Sasa weka pembeni ya methanoli, aina ya pombe isiyonyweka: kilo moja ina wati-saa 5,500. Haidrojeni: kilo moja ina 33,300. Hata ukipoteza robo tatu ya nguvu ya methanoli njiani, bado kilo moja inakupa zaidi ya 1,300. Pengo hilo ndilo limewafanya watu wahangaike na seli za fueli ndogo kwa miongo mingi.

Kwa asiyeijua: seli ya fueli haihifadhi umeme kama betri. Inautengeneza palepale, maadamu unailisha. Katikati kuna utando mwembamba wa plastiki maalumu. Upande mmoja unaingiza haidrojeni (zipo pia zinazokula methanoli), upande wa pili hewa ya kawaida. Kichocheo cha platinamu kinaichana haidrojeni: protoni zinapenya kwenye utando, elektroni haziwezi kupenya, kwa hiyo zinalazimika kuzunguka kupitia waya. Huko kwenye waya ndiko taa yako iliko. Upande wa pili vyote vinakutana na oksijeni, yanatoka maji na joto. Hakuna moto, hakuna pistoni.

Wazo ni la zamani kuliko balbu. William Grove wa Wales alilionyesha mwaka 1839. Francis Bacon wa Uingereza alifikisha mashine ya kilowati 5 mwaka 1959, na uzao wa kazi yake ndio ulioendesha vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Maji yaliyotoka kwenye seli, wanaanga waliyanywa.

Mimi niliona la kwangu kwenye meza ya maabara ya chuo, kiseli cha kufundishia, ukubwa wa kiberiti. Bila mzigo mita inasoma volti 0.9. Nikaunganisha kifeni, ikashuka hadi 0.6 na kifeni kikazunguka. Baada ya muda kwenye kimrija cha kutolea nikaona unyevu, kisha tone moja likajikusanya mdomoni mwa mrija, likaning'inia, likadondoka. Wakuu, nilisimama pale nikiangalia tone la maji kama mtoto. Umeme umepita na kilichobaki ni tone.

Siri ya wepesi ni hii: betri inabeba kila kitu chake ndani. Seli ya fueli inabeba nusu tu ya chakula chake, nusu nyingine, oksijeni, inaivuta hewani bure.

Hoja yangu kuu sasa. Watu wakisikia "seli nyepesi" wanafikiria kupunguza uzito wa seli. Kazi hiyo imefanyika sana. Uzito uliobaki umekaa kwenye chombo cha kubebea fueli. Ni kama kwenda kisimani na mtungi wa udongo: kabla hujachota tone, tayari umebeba mzigo.

Mfano ulio wazi kabisa ni ndege ndogo isiyo na rubani ya maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, inaitwa Ion Tiger. Mwaka 2009 iliruka saa 26 kwa haidrojeni ya gesi iliyoshindiliwa kwenye mtungi. Mwaka 2013 ikaruka saa 48. Haidrojeni ni ileile. Walichobadilisha ni chombo: badala ya gesi kwenye mtungi wa mgandamizo, haidrojeni ya kimiminika, iliyopoozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Muda ukakaribia maradufu.

Nakaribisha maswali, na mwenye uzoefu anisahihishe.

#2 Kariakoo Umeme

Mkuu uzi mzuri. Ila mimi nina pawabenki ya buku thelathini, simu inakaa siku mbili. Hiyo seli ya nini?

#3 Fundi wa Mlimani

Kwa simu yako, mkuu, baki na pawabenki. Nasema hivyo bila kusita, na waliojaribu kuipinga hesabu hii waliumia. Toshiba walitoa chaja ya methanoli, Dynario, mwaka 2009 kule Japani. Yen 29,800, vipande 3,000 tu. Kitenki cha mililita 14 kinachaji simu mara mbili. Haikuendelea. Pawabenki za lithiamu zilishuka bei kwa kasi ambayo hakuna seli ya fueli ingeikimbiza, na soketi za ukutani ziko kila mahali.

Tuweke namba mezani. Chukua mashine ya methanoli ya wati 25 yenye kilo 1.7, zipo za kijeshi za ukubwa huo kutoka Ujerumani. Inakula takriban kilo 0.7 ya methanoli kwa kila kilowati-saa. Lithiamu tuipe wati-saa 160 kwa kilo.

Kazi ya saa nne, wati-saa 100: betri ni kilo 0.6. Seli na fueli yake kilo 1.8. Betri imeshinda kwa mbali.

Kazi ya siku nzima, wati-saa 600: betri kilo 3.75. Seli kilo 2.1, jumlisha chupa.

Kazi ya wiki, wati-saa 4,200: betri kilo 26. Seli kilo 4.6, na chupa zake.

Wanapokutana ni kwenye wati-saa 300 hivi, yaani kama saa 12 kwa mzigo wa wati 25. Chini ya hapo usihangaike. Juu ya hapo kila saa inayoongezeka inaongeza gramu chache tu upande wa seli, na upande wa betri inaongeza matofali.

#4 Binti Kemia

Kaka, umeelezea vizuri, niongezee kidogo kwenye seli yenyewe maana ndiyo fani yangu.

Kinadharia kiseli kimoja ni volti 1.23. Kikifanya kazi kinatoa 0.6 hadi 0.7, kama ulivyoona kwenye mita. Ukitaka volti 12 unapanga karibu ishirini, mgongo kwa mgongo, na kati yake kunakaa bamba la kupitisha umeme na kugawa gesi. Utando na kichocheo ni vyepesi kama nailoni. Mabamba ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito wa rundo zima. Zamani yalikuwa ya grafiti, manene kwa sababu grafiti inavunjika kama chaki. Siku hizi ni karatasi za chuma cha pua au titani zilizopigwa muhuri wa mifereji, halafu zinapakwa tabaka la kuzuia kutu. Hapo ndipo kilo nyingi zimepungua.

Na platinamu. Mapema walipaka miligramu 4 kwa kila sentimita mraba. Miaka ya 1980 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, wakagundua ukichanganya kichocheo na plastiki ileile ya utando, chembe nyingi zaidi zinafanya kazi, wakashuka hadi 0.4. Bara letu lina neno hapa: platinamu nyingi ya dunia inachimbwa Afrika Kusini, na serikali yao ilianzisha mpango wa HySA, wa teknolojia ya haidrojeni, mwaka 2008 ili wasiishie kuuza udongo. Chuo Kikuu cha Cape Town na taasisi ya Mintek wanashughulika na vichocheo, Chuo Kikuu cha Western Cape wanaunda mifumo. Natamani vijana wetu wa kemia waende kusoma kule.

#5 Mtaa wa Pili

Haidrojeni si bomu hiyo? Mtu atembee nayo mgongoni?

#6 Fundi wa Mlimani

Dada Kemia asante sana, hapo kwenye mabamba ulikuwa unanijibu swali nililokuwa nalo muda mrefu.

Mtaa wa Pili, hofu yako ni ya haki. Haidrojeni inashika moto kwa urahisi, na mwali wake mchana huuoni. Kinachosaidia ni kwamba ni nyepesi kupita hewa, ikivuja nje inapaa na kutawanyika. Ikivuja ndani ya chumba kilichofungwa, hapo ni hatari kweli, hasa darini.

Lakini kwa mtu wa mgongoni tatizo la kila siku ni mtungi. Gari la Toyota Mirai la mwanzo, la 2014, lilibeba kilo 5 hivi za haidrojeni kwa mgandamizo mara 700 ya hewa ya kawaida. Mitungi yake, ya nyuzi za kaboni, teknolojia ya juu kabisa, ilikuwa kilo 87 na nusu. Fueli haifiki asilimia 6 ya mzigo.

Kuna njia ya kuificha ndani ya unga wa metali. Unga unainyonya haidrojeni kama sifongo, mgandamizo mdogo, salama. Ila unga wa lanthanamu na nikeli, ule uliozoeleka, unabeba asilimia 1.4 tu ya uzito wake. Piga hesabu: kilo ya unga ina gramu 14 za haidrojeni, seli ikipata nusu ya nguvu yake unabaki na wati-saa 230 hivi. Hapo unashindana na lithiamu bega kwa bega, na bado hujaweka gamba la chombo wala seli yenyewe.

Njia ya tatu ni chumvi inayotoa haidrojeni ikikutana na maji na kichocheo. Sodiamu borohaidraidi kwa mfano, uzito wake karibu asilimia 11 ni haidrojeni, na maji yanaongeza nyingine kiasi hichohicho. Inavutia. Ubaya wake ukimaliza unabaki na uji wa chumvi ambao huwezi kuuchaji kambini, na chumvi yenyewe haiuzwi dukani kwetu.

Ndiyo maana namuunga mkono methanoli. Ni kimiminika, inakaa kwenye chupa ya plastiki. Mtungi wa udongo umegeuka kuwa mfuko wa nailoni.

#7 Chalii wa Kibo

Mkuu methanoli si ndiyo ile ikichanganywa kwenye gongo watu wanapofuka? Na kama ni pombe tu, kwa nini isitumie gongo yenyewe? Huku kwetu ipo ya kumwaga.

#8 Binti Kemia

Ndiyo hiyohiyo, na tafadhali wote msome hapa kwa makini. Methanoli inaua na inapofusha, kiasi kidogo tu. Haina rangi, harufu yake ni kama ya pombe. Kwa hiyo haipaswi kuwa kwenye chupa ya soda au ya maji hata dakika moja. Mashine nzuri zinatumia chupa zilizofungwa kiwandani zenye mdomo unaofunguka ukishachomekwa tu. Ukiona mtu anajaza kwa funeli nyumbani, mkataze.

Kuhusu gongo, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kuna watu wamefanyia udaktari wa falsafa. Methanoli ina kaboni moja. Ethanoli, pombe iliyomo kwenye gongo, ina kaboni mbili zilizoshikana, na kwenye joto la chini platinamu haina nguvu ya kuziachanisha. Molekuli ya ethanoli ikichomwa yote ingetoa elektroni 12. Kwenye seli nyingi inatoa 4, halafu inaishia njiani ikiwa asidi ya asetiki. Yaani unaweka gongo, unapata umeme kidogo na siki.

Na methanoli nayo si malaika. Inapenya kwenye utando na kwenda upande wa hewa bila kutoa umeme, fueli inapotea na volti inashuka. Ndiyo maana ndani ya mashine huwa inachanganywa na maji mengi. Pia njiani inazaa kaboni monoksaidi inayong'ang'ania platinamu kama masizi kwenye sufuria, hadi hiyo platinamu uichanganye na metali ya rutheniamu. Ufanisi wake robo hivi.

#9 Mwana Pwani

Nauliza kuhusu gesi ya kupikia. Mtungi mdogo wa kilo 6 uko kila duka Tanga hapa. Hakuna seli inayokula hiyo?

#10 Fundi wa Mlimani

Ipo, na swali hili ningependa liwe na uzi wake.

Ni seli ya kauri. Inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 600 kwenda juu, na kwa joto hilo haihitaji platinamu, na kaboni monoksaidi kwake ni chakula, si sumu. Kampuni ya Adaptive Materials ya Michigan ilitengeneza za kubeba mgongoni zinazokula propani.

Mwaka 2008 wizara ya ulinzi ya Marekani iliweka shindano: leta mfumo usiozidi kilo 4, utoe wastani wa wati 20 kwa saa 96. Fanya hesabu, ni wati-saa 1,920, yaani 480 kwa kilo pamoja na kila kitu. Fainali ilikuwa jangwani California, mwezi Oktoba. Wa kwanza kampuni za DuPont ya Marekani na SFC ya Ujerumani kwa methanoli, dola milioni 1. Wa pili Adaptive Materials, dola laki 5. Wa tatu methanoli tena, mashine ya SFC. Askari ndiye mteja wa kwanza wa vitu hivi kwa sababu anabeba betri za siku kadhaa mgongoni na hana pa kuzichaji.

Kwetu mimi naiona gesi kama fueli yenye njia tayari. Kilo moja ina karibu wati-saa 12,800. Ukipata asilimia 20 tu, mtungi wako wa Tanga ni kilowati-saa 15. Vikwazo: kauri inachukua muda kupata moto, ukiiwasha na kuizima mara nyingi inapata nyufa. Na ile harufu ya gesi, inayowekwa makusudi ili tujue inavuja, ina salfa, na salfa inaua kichocheo. Lazima kuwe na kichujio cha kuinasa kabla haijaingia, na kichujio kinachoka.

#11 Chalii wa Kibo

Mimi ni mgumu mlima Kilimanjaro (mbeba mizigo). Wageni wanakuja na makamera, tunabeba mabetri hadi basi. Hii ingefanya kazi kule juu?

#12 Fundi wa Mlimani

Kaka, heshima kwako, kazi yako naijua kidogo kwa mabega.

Ingefanya, lakini si kwa nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Seli inavuta oksijeni kama wewe unavyovuta. Mita 5,895 hewa ni karibu nusu ya ya Dar, kwa hiyo feni inazungushwa zaidi na umeme unaotoka unapungua. Pia hewa kavu inaukausha utando, na utando mkavu haupitishi protoni. Ikizimwa usiku kwenye barafu, maji yaliyobaki ndani yanaganda na kupasua. Inabidi ilale ikiwa inafanya kazi polepole, au ilale ndani ya hema. Kwa safari ya siku sita au saba yenye kamera nyingi, uzito ungekuwa upande wako. Kwa mgeni mwenye kamera moja, betri mbili zifungwe kwenye soksi, alale nazo ndani ya begi la kulalia.

#13 Mzee wa Redio

Kijana wangu, nimefanya kazi ya mitambo ya redio miaka thelathini na mbili kabla ya kustaafu. Hizo njia za Uluguru nazijua. Nimesoma uzi wote. Sasa niambie, kituo kile kile, leo ukiambiwa wewe uamue, ungeweka nini? Na sola usiisahau.

#14 Fundi wa Mlimani

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi umefika.

Sola ningeiweka kwanza, haina mjadala. Lakini mzee unajua masika kule: ukungu unakaa siku nyingi, paneli inaona weupe tu. Kwa sababu ya siku hizo ndiyo tulibeba betri nne.

Mzigo tuchukulie wati 15 mchana na usiku, ni wati-saa 360 kwa siku. Ningeweka sola, betri moja ya lithiamu ya siku mbili, na mashine ndogo ya methanoli inayojiwasha yenyewe betri ikishuka. Mashine ni kilo nane hivi, inapanda mara moja na kubaki huko. Chupa ya methanoli ya lita 10 ni kilo 8.4 na inatoa kilowati-saa 11.1. Gawa kwa 360: siku 30, bila jua hata dakika moja. Ile betri ya asidi ya kilo 30, kwa mzigo huohuo, haifiki siku mbili.

Yaani chupa ya mwezi mzima ni mzigo wa mtu mmoja, kwenye begi la kawaida.

Kinachokwamisha ni bei ya mashine na kupata hizo chupa, maana zinatoka nje na methanoli ni mzigo wa hatari kusafirisha.

#15 Mzee wa Redio

Marahaba. Hiyo wati 15 umeipima au umeikadiria? Siku zetu mtambo ulikuwa unakula mara tatu ukiwa unarusha.

#16 Fundi wa Mlimani

Nimeikadiria, mzee, na umenishika pazuri. Kama ni mara tatu kwa saa nane za siku, wastani unakuwa wati 25, na chupa inakuwa ya siku 18. Jumamosi napanda na mita ya kurekodi, naiacha wiki moja. Nikishuka nayo naziweka namba hapahapa.